Usiulize mwezi gani, uliza upepo unatoka wapi: jinsi ya kupanga msimu wa kwenda kisiwani

Kila ikijulikana kwamba napenda visiwa swali ni lilelile, eti mwezi gani mzuri? Na mimi kila mara nabaki kimya kidogo, maana jibu ninalo ila halianzii kwenye mwezi. Ngoja nikupe kisa kwanza alafu tuingie kwenye hatua.

Kuna mwaka nilipanga likizo ya siku 7 kisiwani, Agosti. Nikajiona mjanja sana, nilikua nimeangalia chati ya mvua ya mwaka mzima, nguzo ya Agosti ndio fupi kuliko zote hata haionekani vizuri, joto la kawaida, nikasema hapahapa. Nimefika, kweli mvua hakuna hata tone. Ila upepo bana! Miavuli ya ufukweni imefungwa kamba tangu asubuhi, mchanga unakupiga miguuni kama mtu anakurushia mtama, na kule nje ya mwamba bahari yote nyeupe, povu tupu. Siku ya pili nikamfuata nahodha wa boti ya kusnokeli, ile ya kuogelea na miwani na mrija, akasimama, akaangalia kule nje, akatikisa kichwa akaendelea na kazi zake, hata hakunijibu. Siku ya tatu hivohivo. Siku ya nne jamaa mmoja akaniambia we si uvuke tu upande wa pili, nikapanda gari dakika kama 40, nashuka naona maji yametulia kama mafuta kwenye sahani, watoto wanaogelea, kisiwa kilekile na siku ileile. Nilivyopiga hesabu ya zile siku tatu niliumia roho.

Tangu hapo nafuata mpangilio huu, na naufuata kwa mfuatano, maana ukiruka hatua unarudi kulekule kwenye chati ya mvua.

HATUA YA 1: Andika kitu kimoja unachokiendea

"Naenda kupumzika" haitoshi. Kupumzika kwako ni kuogelea? Kuzamia mbizi uone matumbawe? Kaiti, ule mchezo wa kuteleza juu ya maji ukivutwa na tiara? Kuona nyangumi? Kulala kwenye kivuli na simu imezimwa? Kupanda milima ya kisiwa? Hivi vitu vinagombana vyenyewe kwa vyenyewe na watu wengi hawajui. Mtu wa kaiti anataka upepo wa noti 15 mpaka 25, yani kama kilomita 28 mpaka 46 kwa saa, kila siku mchana, na wiki yake ya raha ndio wiki ya mateso kwa mama mwenye mtoto wa miaka mitatu anaetaka maji yasiyo na wimbi. Mzamiaji anataka maji maangavu aone mbali, anaetaka kuogelea na papa potwe anapendelea maji yenye uchafu uchafu, maana ule uchafu ndio chakula chenyewe kilichomleta yule samaki pale.

Chagua kimoja. Vingine vikitokea ni bonasi. Kama mnaenda wawili na kila mtu ana chake, elewaneni nyumbani kabla ya kulipia, mtaniambia.

HATUA YA 2: Futa miezi ya vimbunga

Fungua ramani, angalia kisiwa chako kiko digrii ngapi kutoka ikweta. Hii namba ndogo inakwambia mengi kuliko picha zote za matangazo. Kimbunga cha baharini kinahitaji maji ya moto na pia kinahitaji ule msukumo wa dunia kujizungusha ili hewa ianze kuzunguka, na karibu na ikweta huo msukumo ni dhaifu mno, kwahiyo ndani ya digrii kama 5 kila upande vimbunga karibu havitengenezwi kabisa. Ndio maana Mahé na Praslin kule Shelisheli, digrii 4 na kitu kusini, watu wanalala usingizi, wakati Mauritius na Réunion, digrii 20 na 21, kila mwaka wanakaa na redio.

Kwa ufupi bahari ziko hivi. Karibiani, Juni 1 mpaka Novemba 30, na kilele ni katikati ya Agosti mpaka mwanzo wa Oktoba. Kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi, yani Madagascar, Mauritius, Réunion, Mayotte, Komoro kidogo, ni Novemba mpaka Aprili, na Januari mpaka Machi ndio pabaya zaidi. Fiji, Vanuatu na jirani zao nao Novemba mpaka Aprili. Ufilipino ni mtihani, vimbunga vinaweza kuja mwezi wowote ila vingi ni kati ya Juni na Novemba.

Sasa usisome hii kama ratiba ya treni. Msimu wa kimbunga maana yake uwezekano, kisiwa kimoja kinaweza kukaa miaka kumi hakijaguswa, alafu kingine kinapigwa nje ya matarajio. Mayotte walipigwa na Chido Desemba 14, 2024, hapo msimu ndio kwanza unaanza. Kisiwa cha Carriacou kule Grenada kilifumuliwa na Beryl Julai 1, 2024, mwezi ambao wengi wanauona bado salama. Na Mei 2024 Hidaya ikaja mpaka Mafia, sehemu ambayo ukiuliza watu vimbunga wanakuangalia tu. Mimi ninavyofanya, miezi ya kilele naifuta kabisa bila huruma hata dili likiwa tamu vipi. Miezi ya pembeni naikubali kwa sharti kwamba buking inaweza kufutwa na hela ikarudi.

Na kama likizo yako lazima iwe Septemba na moyo wako uko Karibiani, Aruba, Bonaire na Curaçao ziko kusini kabisa karibu na Venezuela, digrii 12 hivi, vimbunga vingi vinapita kaskazini yao. Sio kinga kamili lakini ndio chaguo la mtu mwenye akili kwa mwezi huo.

HATUA YA 3: Jua upepo unatoka wapi mwezi huo, alafu uchague UPANDE wa kisiwa

Hii ndio hatua yenyewe. Ukisoma moja tu soma hii.

Visiwa vya tropiki joto halibadiliki sana, tofauti ya mwezi wa moto na mwezi wa baridi mara nyingi ni nyuzi chache tu. Kinachobadilika ni upepo, na upepo ndio unaamua wimbi, mwani unatupwa wapi, boti zinatoka au hazitoki, maji ni maangavu au yamevurugwa, hata mbu wako wangapi. Mabaharia wa zamani wana maneno mawili mazuri sana hapa, goshini ni upande unaopigwa na upepo na demani ni upande uliojikinga. Kisiwa kina vyote viwili kila siku, na msimu ukigeuka pande nazo zinabadilishana.

Bahari ya Hindi magharibi inaeleweka kirahisi. Kaskazi inavuma toka kaskazini mashariki kuanzia Desemba mpaka Machi, kusi inavuma toka kusini na kusini mashariki kuanzia kama Mei mpaka Septemba na ndio yenye nguvu zaidi. Katikati kuna kipindi upepo haujui unaelekea wapi, majahazi yanaita tangambili, Aprili hivi na tena Oktoba Novemba. Shelisheli hicho kipindi ndio dhahabu kwa mzamiaji, bahari inalala, unaona chini mpaka unashangaa. Ila Julai na Agosti ukienda hukohuko na ukalala upande wa kusini mashariki, mfano Grand Anse ya La Digue, utakuta ufukwe mzuri balaa wa kupiga picha na mikondo ya kumvuta mtu mzima, watu wanakaa mchangani wanaangalia tu. Wakati huohuo Beau Vallon kule Mahé, ambayo inaangalia kaskazini magharibi, maji yametulia watoto wanapiga mbizi. Geuza sasa, Januari kaskazi ikishavuka ikweta inapinda, Shelisheli inafika ikitokea kaskazini magharibi, Beau Vallon nayo inapata wimbi lake.

Zanzibar ni hivohivo. Kusi ikichachamaa Paje inajaa makaiti rangi zote, wao ndio wanachokitaka, mwenye kutaka maji matulivu anaenda Kendwa. Mauritius kuanzia Mei mpaka Oktoba upepo wa kusini mashariki unapiga pwani ya mashariki, kwahiyo wazoefu wanahamia magharibi kule Flic en Flac.

Thailand ndio mfano unaochekesha, maana watu wanasema "msimu wa Thailand" kama ni kitu kimoja. Phuket iko upande wa bahari ya Andaman, upepo wa kusini magharibi unailetea wimbi na mvua Mei mpaka Oktoba, mpaka hifadhi ya visiwa vya Similan inafungwa katikati ya Mei mpaka katikati ya Oktoba. Koh Samui iko ng'ambo kwenye ghuba, ndege chini ya saa moja, yenyewe inakula mvua zake kubwa Oktoba mpaka Desemba na Novemba ndio balaa. Kwahiyo mtu alieenda Phuket Agosti akalalamika na mtu alieenda Samui Novemba akalalamika, kila mmoja angeenda kisiwa cha mwenzake mwezi uleule wangerudi wanacheka.

Kupata hii habari ni rahisi. Kuna app na tovuti za upepo za bure zinaonyesha mishale kwenye ramani, ukiweza kutafuta kumbukumbu za mwezi kama huo mwaka jana ni bora zaidi. Angalia mshale unatoka wapi, alafu kwenye ramani ya kisiwa uliza ufukwe wa hoteli yangu unaangalia wapi. Mshale ukiingia uso kwa uso na ufukwe, jiandae. Ukiwa unatokea mgongoni kwa hoteli, safi. Noti 10 kushuka chini hakuna tabu, noti 15 boti ndogo zinaanza kurukaruka, zaidi ya 20 usipange safari ya kisiwa kidogo cha jirani ukiwa na mtu anaetapika.

Tahadhari moja, upepo usiuchukie kabisa. Kwenye joto la unyevu upepo ni kiyoyozi cha Mungu. Kwenye ule utulivu wa tangambili usiku unaweza kulowa jasho ukiwa umelala tuli, hasa kama chumba hakina feni.

HATUA YA 4: Mvua, lakini isome kwa akili

Chati ya mvua inakupa milimita kwa mwezi. Milimita 180 zinaweza kuwa mvua sita za radi jioni, kila moja ya muda wa saa moja, na mchana mzima jua linawaka, au zinaweza kuwa siku 20 za manyunyu na mawingu ya kijivu. Kwa mtu wa likizo hizo ni safari mbili tofauti kabisa. Kwahiyo tafuta namba mbili zaidi: siku za mvua kwa mwezi, na saa za jua kwa siku. Mwezi wenye jua saa 8 kwa siku hata kama una milimita 150 mimi naenda bila wasiwasi. Mwezi wenye saa 5 nafikiria mara mbili. Kipimo kingine cha haraka, wataalamu wa hali ya hewa kwenye tropiki wanauita mwezi mkavu ukiwa chini ya milimita 60.

Alafu uliza, kisiwa kina mlima? Hapa ndio hatua ya 3 inarudi. Kisiwa chenye mlima mrefu kinakamua mawingu upande wa goshini na upande wa pili unabaki mkavu. Mji wa Hilo kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaii unapata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, ukizunguka mlima ukafika pwani ya Kona hata 1,000 hazifiki. Réunion ndio usiseme, kule juu milimani Januari 1966 zilishuka milimita 1,825 ndani ya saa 24, rekodi ya dunia, na pwani yake ya magharibi watu wanaota jua. Kwahiyo mtu akikwambia "kule mvua tupu" muulize ulikaa upande gani. Maldives kwa upande wake ni bapa kama karatasi, hakuna mlima wa kukinga chochote, mvua ikija imekuja kwenu wote.

Masika ya Afrika Mashariki, Machi mwishoni mpaka Mei, mimi siwezi kukudanganya, Aprili hoteli kadhaa za visiwani zinafunga kabisa kwa matengenezo na barabara za ndani zinakua tope. Vuli ya Novemba ni nyepesi zaidi, mvua inapiga, inaondoka, jua linarudi na vumbi limetulia. Nimeenda Novemba na ningerudi Novemba.

HATUA YA 5: Maji kupwa na kujaa (watu hawaangalii hii kabisa na ndio inawaliza)

Unaweza kupata mwezi mzuri, upande mzuri, jua, utulivu, alafu unaamka unakuta bahari haipo. Imeenda zake nusu kilomita huko, mbele yako ni mchanga tope, mwani na shokonoo wenye miiba wanakusubiri ukanyage. Hii inategemea sehemu. Karibiani sehemu nyingi maji yanapanda na kushuka chini ya nusu mita, usijisumbue. Zanzibar tofauti inaweza kufika kama mita 4, na pwani ya mashariki ambayo ina kina kifupi mpaka kwenye mwamba ndio unaona watu wanatembea kwa miguu mbali kabisa.

Mwezi angani ndio kalenda yako. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, siku moja mbili baada ya hapo ni bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana. Nusu mwezi ni maji mafu, tofauti inakua ndogo. Na kuna siri moja watu wa pwani wanaijua bila kuandika popote: kila sehemu, bamvua ina saa yake na haibadiliki sana. Zanzibar siku za bamvua maji yanakua yametoka kabisa mnamo saa nne asubuhi na yamejaa saa kumi jioni. Wiki moja baadae kwenye maji mafu ni kinyume, saa nne asubuhi yamejaa. Kwahiyo mtu wa kuogelea asubuhi na watoto apange wiki ya maji mafu, mtu wa kutembea mwambani kuangalia viumbe kwenye vidimbwi apange bamvua. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50, kwahiyo ndani ya wiki moja unapata vyote ukitaka.

Kama huwezi kuchagua tarehe basi chagua ufukwe wenye kina. Nungwi na Kendwa unaogelea saa yoyote, ndio maana kumejaa watu.

HATUA YA 6: Nani mwingine anakuja msimu huo

Hii nafurahia kuandika. Baadhi ya safari bora zimo ndani ya miezi ambayo vitabu vya utalii vinaita mibaya. Maldives Juni mpaka Novemba ni upepo wa kusini magharibi, mvua na mawingu, bei chini, lakini ndio huohuo upepo unasukuma vijidudu vya baharini kujaa kwenye ghuba ya Hanifaru, Baa Atoll, na samaki taa, wale wakubwa wa manta, wanakuja kula kwa makundi. Mtu aliekimbilia Februari kwa ajili ya jua kawakosa.

Papa potwe wa Mafia ni Oktoba mpaka Machi hivi. Nyangumi wa nundu Hawaii wanakuja Desemba mpaka Aprili, na kule Sainte-Marie ya Madagascar ni Julai mpaka Septemba, wanakuja kuzaa kwenye maji ya uvuguvugu.

Wapo na wageni wasiotakiwa. Tangu 2011 Karibiani inapata mwani wa kahawia unaoelea, sargassum, unatupwa kwa matani kwenye fukwe zinazoangalia mashariki, hasa toka Aprili mpaka Agosti, na ukioza harufu yake ni ya mayai viza. Tena upande wa kisiwa unakuokoa, magharibi mara nyingi kunakua safi. Kaskazini ya Queensland, Australia, konyeza wenye sumu kali wapo Novemba mpaka Mei, watu wanaingia majini na nguo maalumu au ndani ya nyavu.

HATUA YA 7: Watu na bei

Fupi hapa. Krismasi mpaka mwaka mpya ni ghali karibu kila kisiwa duniani, hata kule ambako hali ya hewa ya wakati huo ni mbovu. Pasaka na Julai Agosti zinafuatia, sababu ni shule kufungwa. Kati ya hai sizoni (msimu wa watu wengi na bei juu) na lo sizoni (msimu wa watu wachache) kuna wiki chache ambazo hewa ishakua nzuri na bei haijashtuka, mara nyingi wiki mbili tatu kabla msimu haujaanza rasmi au baada ya kuisha. Hizo ndio zangu. Lo sizoni ya katikati kabisa ni rahisi ndio, ila hakikisha kwanza boti zinafanya kazi, maana visiwa vya Perhentian kule Malaysia kwa mfano Novemba mpaka Februari kunafungwa karibu kila kitu.

Angalia pia kalenda ya wenyeji. Bali siku ya Nyepi, siku yao ya kimya, kawaida ni Machi, uwanja wa ndege unafungwa saa 24 na hakuna mtu kutoka nje, ukiwa hujui utajuta, ukiwa unajua ni usiku wenye nyota nyingi ajabu.

HATUA YA 8: Mwaka huu ukoje

Wastani ni wa miaka 30, wewe unaenda mwaka mmoja. El Niño, yani bahari ya Pasifiki ikipata joto kuliko kawaida, ikiwa kali inakausha Indonesia na inazidisha vuli Afrika Mashariki, 1997 tuliiona, na 2019 nayo mvua zilikua za hatari kwasababu Bahari ya Hindi magharibi ilikua ya moto kuliko mashariki. Kwa wazamiaji kuna lingine, bahari ikipata joto kupita kiasi matumbawe yanageuka meupe, ilitokea 1998 na 2016 Maldives na Shelisheli. Miezi mitatu kabla ya kulipa soma utabiri wa msimu wa mamlaka ya hali ya hewa ya eneo hilo. Utabiri wa siku kwa siku usiuamini ukizidi siku 7, na zile app zinazoweka picha ya wingu na radi kila siku ya tropiki zisikutishe, mara nyingi ni dakika 30 za jioni.

Bima nunua mapema, siku unapobuki. Ukinunua baada ya kimbunga kupewa jina, bima nyingi hazikulipi kwa kimbunga hicho. Na kama kisiwa chako ni kidogo na unafika kwa boti, rudi kisiwa kikuu siku moja kabla ya ndege. Bahari ikichafuka haisubiri tiketi yako.

TUJARIBU SASA

Familia, watoto wawili wadogo, wanataka kuogelea tu, likizo ni mwisho wa Julai mpaka katikati ya Agosti, haisogei. Karibiani naiweka kando, kilele cha vimbunga kinakaribia. Phuket hapana. Maldives inawezekana ila mawingu na wimbi. Zinabaki Bali, ambayo iko kiangazi, Samui, Mauritius, Shelisheli na Zanzibar. Mauritius maji Agosti yanashuka mpaka nyuzi 23 hivi, watoto wadogo watatetemeka, naitoa. Bali kuna wimbi sehemu nyingi, ningeangalia Sanur kwasababu mwamba unakinga. Shelisheli ni Beau Vallon au hakuna. Zanzibar kaskazini magharibi, Kendwa. Samui iko sawa. Ukifika hapo bajeti na urefu wa ndege ndio vinaamua, maana hali ya hewa ishafanya kazi yake.

Ikibaki hoteli mbili na umeshindwa kuchagua, wapigie simu sasahivi usiwaulize kama hali ya hewa ni nzuri, watasema nzuri tu. Waulize ufukwe wenu unaangalia upande gani, Agosti saa nne asubuhi maji yanafika wapi, na waombe video ya leo ya bahari, sekunde 10, bila muziki ili usikie upepo. Ukiona miavuli imefungwa kamba, uliza bei ya upande wa pili.